Kuchagua DVD raita ya bei nafuu ili kumbukumbu za shamba zisipotee

Leo tunaweka jembe pembeni kidogo. Hatuongelei mbegu wala mbolea, tunaongelea kifaa cha kuchomea DVD, kile ambacho wengi tunakiita raita. Usicheke. Soma kwanza kisa hiki.

Msimu uliopita alinijia kijana mmoja wa huku kwetu Ilula, mkulima wa nyanya. Ni mmoja wa vijana ninaojivunia kwa sababu anaandika kila kitu: tarehe ya kusia mbegu kitaluni, tarehe ya kuhamishia miche, dawa aliyopiga na kipimo chake, vibarua aliowalipa, matenga yaliyotoka shambani na bei ya kila tenga. Alikuwa anaomba mkopo wa pampu na mipira ya umwagiliaji wa matone. Afisa mikopo akamwambia alete kumbukumbu za misimu miwili. Kijana akatoa flashi mfukoni kwa kujiamini kabisa. Ilipochomekwa, kompyuta ikaleta ujumbe kwamba flashi haisomeki na inatakiwa kufomatiwa.

"Bwana shamba, misimu yote ilikuwa humu," aliniambia jioni ile, flashi bado ameishika mkononi. Nikamuuliza, na kwenye kompyuta ya nyumbani je? Alikuwa ameshafuta ili apate nafasi ya kuweka vitu vingine.

Tulikaa wiki mbili tukiokoteza risiti za duka la pembejeo na jumbe za miamala kwenye simu. Tukapata kama nusu. Mkopo ulikuja mwishoni, ila ulikuja umechelewa. Nyanya za kiangazi alizopanga kupanda zilimpita, na bei nzuri akaishia kuiona kwa majirani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari tunalo, lipo ndani ya kompyuta. Sasa linalopotea ni daftari lenyewe. Na hapo na mimi nina kosa langu: nilimfundisha yule kijana kuandika, sikumfundisha kutunza alichoandika. Makala hii ni kulipa deni hilo.

Kwa nini DVD, wakati flashi zipo?

Flashi ni nzuri kwa kubebea kazi kutoka hapa kwenda pale. Tatizo ni kwamba inaandikika muda wote. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya stesheneri yenye virusi, virusi vinaingia. Mtoto akibonyeza vibaya, faili zimefutika. Tena ni ndogo, inapotea kwenye mfuko wa suruali.

DVD ya kuandika mara moja ikishachomwa na kufungwa, haiongezeki kitu wala haipungui. Virusi haviwezi kuingia humo baadaye. Ukimpelekea afisa mikopo au mnunuzi nakala ya kumbukumbu zako za dawa, hata kompyuta yake ikiwa chafu namna gani, hataharibu kilichomo. Na nakala moja ni ya bei ndogo kiasi kwamba unaweza kumwachia usirudi nayo.

Faida ya pili ni mafunzo. Ukipakua video ya namna ya kutega mitego ya feromoni dhidi ya kantangaze, bando lako limeshaliwa. Kwa nini kila mwanakikundi apakue upya? Choma DVD, ipite nyumba kwa nyumba. Deki bado zipo majumbani kwa wazee wetu, na mwenye kibanda umiza hatakataa kuiweka kwa nusu saa kabla ya mpira.

Nisikudanganye, DVD si dawa ya kila kitu. DVD moja ya kawaida inabeba GB 4.7, na kompyuta yako itaisoma kama GB 4.3 na kitu hivi kwa sababu inahesabu kwa namna nyingine. Hiyo inatosha majedwali yako yote ya Excel, risiti ulizopiga picha, na picha za shamba zaidi ya 1,000 za ukubwa wa kawaida wa simu. Ila kama wewe unarekodi video kila siku, utajaza diski nyingi mno. Hapo nunua diski ngumu ya nje, na DVD ibaki kwa ajili ya kumbukumbu za msimu uliokwisha.

Sasa twende dukani

Jambo la kwanza la kukutuliza: raita za kawaida zinafanya kazi ile ile. Tofauti ya bei kati ya ya chini na ya juu mara nyingi ni jina, umbo, spidi isiyokusaidia, au programu zilizofungashwa humo ambazo unaweza kuzipata bure. Kwa hiyo hapa ya bei nafuu si aibu. Mimi kikomo changu ni hiki: raita isizidi bei ya mfuko mmoja wa DAP. Ikizidi hapo, muulize muuzaji unalipia nini cha ziada.

Lakini ya bei nafuu isiyofaa ni hasara kama mbegu feki. Jiulize maswali haya matano kabla hujatoa hela.

1. Je, inachoma DVD kweli?

Hapa ndipo wengi wanapigwa, hasa kwenye vifaa vilivyotumika. Kuna draivu zimeandikwa DVD-ROM. Hizo zinasoma tu, hazichomi chochote. Kuna nyingine zinaitwa Combo, zimeandikwa DVD/CD-RW. Hizo zinasoma DVD na kuchoma CD peke yake. CD inabeba MB 700, yaani unahitaji CD karibu saba kupata ujazo wa DVD moja.

Unayoitaka imeandikwa usoni DVD±RW, au DVD Multi Recorder, au Super Multi. Angalia maandishi kwenye mlango wa trei, usiangalie kasha. Kasha linaweza kuwa la kitu kingine.

2. Je, itaingia kwenye kompyuta yako?

Kama una kompyuta ya mezani, fungua ubavu wake kwanza au mwombe fundi akufungulie. Kompyuta za zamani sana zinatumia waya mpana bapa wa IDE, wenye matundu 40. Za baadaye zinatumia waya mwembamba wa SATA. Hivi viwili haviingiliani. Ukinunua ya IDE kwa sababu ni rahisi, halafu kompyuta yako ni ya SATA, umenunua pambo la kabati.

Angalia na umbo. Kompyuta kubwa za mezani zinabeba raita nene. Zile ndogo nyembamba za mtumba, ambazo vijana wengi wananunua siku hizi, mara nyingi zinatumia raita nyembamba kama za kompyuta mpakato. Na za mpakato nazo zina unene wa aina mbili, milimita 12.7 na milimita 9.5. Njia rahisi ni kuchomoa ile iliyokufa na kwenda nayo dukani, kama unavyokwenda na jani lenye ugonjwa kwenye duka la pembejeo.

Kama mpakato wako hauna sehemu ya diski kabisa, chukua raita ya nje ya USB. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa vikundi, kwa sababu inahama. Leo iko kwa katibu, kesho kwa mweka hazina, na kompyuta ikifa raita inabaki.

3. Je, umeme wake unatoka wapi?

Raita nyembamba za nje nyingi hazina waya wa ukutani. Zinanyonya umeme kupitia tundu la USB. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida limepangiwa kutoa miliampea 500. Diski inapoanza kuzunguka, na inapochomwa, raita inaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Dalili yake ni hii: raita inaonekana kwenye kompyuta, inasoma vizuri, lakini ukianza kuchoma inakwama katikati. Watu wanasema raita mbovu, kumbe ni njaa ya umeme.

Kwenye kompyuta ya mezani, chomeka matundu ya nyuma, si ya mbele. Usipitishie kwenye kigawanyishi cha USB kisicho na umeme wake. Na ukiona raita inakuja na waya wenye vichwa viwili vya USB, usikitupe kimoja. Kipo kwa ajili ya kuongeza umeme, chomeka vyote.

Usilipe ziada kwa sababu tu imeandikwa USB 3.0. Raita inayochoma DVD kwa spidi ya 8x inapitisha kama MB 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inaweza mzigo huo bila jasho.

4. Je, spidi kubwa inakusaidia?

Raita za ndani za kompyuta ya mezani zinaandikwa 16x, 20x, hata 24x. Za nje nyembamba nyingi zinaishia 8x. Muuzaji atakwambia ile ya 24x ni mwisho wa matatizo. Piga hesabu mwenyewe. DVD iliyojaa, kwa 16x inachukua kama dakika 6. Kwa 8x inachukua kama dakika 9 au 10. Wewe unachoma DVD mbili au tatu kwa msimu. Dakika nne hizo ni za nini?

Tena kuchoma kwa spidi ya juu kabisa ni kama kupiga dawa huku unakimbia. Shamba utalimaliza, lakini kuna majani hayajapata kitu. Mimi nachoma kwa 4x au 8x, natengeneza chai, narudi imeisha.

5. Je, muuzaji atakubali uijaribu?

Kwa kifaa kipya, omba dhamana ya maandishi na risiti. Kwa kilichotumika, jaribu papo hapo au ondoka. Jicho la leza la raita iliyochoka linaweza kusoma vizuri na kushindwa kuchoma, kwa hiyo kuwekewa filamu icheze hapo dukani hakuthibitishi chochote.

Nenda na DVD tupu yako na flashi yenye faili zinazofika GB 4. Choma diski ijae. Sababu ya kuijaza ni kwamba DVD inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na matatizo mengi hujitokeza kule ukingoni. Ukichoma picha kumi tu umejaribu sehemu ya ndani, mahali ambapo hata raita mgonjwa inajitahidi. Ikimaliza, fungua faili chache za mwisho, kisha itie diski hiyo kwenye kompyuta nyingine. Ikisomeka huko, lipa.

Ulichookoa kwenye raita, weka kwenye diski

Hapa ndipo penye siri ya makala yote. Raita nafuu na diski nzuri zinatunza kumbukumbu. Raita ya gharama na diski mbovu hazitunzi. Ni kama bomba la kupigia dawa: uwe nalo la kisasa namna gani, ukitia dawa feki umepiga maji.

DVD unayochoma nyumbani ina tabaka la rangi maalumu, na leza inaichoma rangi hiyo kuandika taarifa. Rangi hiyo haipendi jua, joto wala unyevu. Diski za jina linaloaminika zina rangi iliyopakwa sawasawa. Kabla hujanunua pakiti, geuza diski uangalie upande wa chini kwenye mwanga. Ukiona mabaka, mawimbi au mikwaruzo, rudisha.

Kuhusu aina, utakuta DVD-R na DVD+R. Raita za siku hizi zinachoma zote mbili. Kwa kumbukumbu za kwenye kompyuta, yoyote inafaa. Kwa video itakayochezwa kwenye deki kuukuu, anza na DVD-R, maana ndiyo iliyotangulia sokoni, tangu 1997, na deki nyingi za zamani zinaielewa.

DVD-RW na DVD+RW zinafutika na kuandikwa upya, inasemwa hadi mara 1,000. Ni nzuri kwa mazoezi. Kwa kumbukumbu usitumie, maana tulichokuwa tunakimbia ni hicho hicho cha kufutika. Na zile za tabaka mbili za GB 8.5 achana nazo. Ni ghali, na deki nyingi zinazikataa. Diski mbili za kawaida zinafanya kazi hiyo.

Namna ya kuchoma, hatua kwa hatua

Kwanza, panga kazi yako. Tengeneza folda moja ya msimu, ndani yake folda ndogo: mapato na matumizi, dawa na mbolea, mauzo, risiti, picha. Safisha virusi kabla ya kuchoma. Ukichoma virusi ndani ya DVD, umevihifadhi na hutavifuta tena.

Pili, programu usinunue. Windows ya kuanzia 7 inaweza kuchoma faili yenyewe. Ukitaka zaidi, ImgBurn ni ya bure. Wanaotumia Linux wana Brasero na K3b, nazo ni bure.

Tatu, Windows ikikuuliza unataka kuitumia diski kama flashi au kwa kuchezea kwenye deki na kompyuta nyingine, chagua ile ya pili. Ya kwanza inaiacha diski wazi na mara nyingine inakataa kusomeka kwingine.

Nne, kwa video za mafunzo, kumbuka kwamba deki nyingi hazisomi faili ya simu ikitupiwa tu kwenye diski. Inabidi ibadilishwe iwe DVD ya video. DVDStyler inafanya hivyo bure. Wengi wanachoma, wanapeleka kwa mzee, deki inakataa, wanailaumu raita.

Tano, angalia umeme. Ukikatika katikati ya kuchoma, diski ile ya kuandika mara moja imekwisha. Kama una mpakato, hakikisha betri imejaa. Kama una kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usichome jioni wakati umeme unachezacheza.

Sita, weka alama kwenye kisanduku cha kuhakiki baada ya kuchoma. Programu itaisoma diski yote na kuilinganisha na faili zako. Inaongeza dakika chache. Usiziruke. Diski ambayo haijahakikiwa ni kama mbegu ambayo hujajaribu uotaji wake. Inaweza kuota, inaweza isiote, na utajua ukiwa umeshachelewa.

Kutunza

Andika juu ya diski kwa kalamu ya wino yenye ncha laini: jina la shamba, zao, msimu, tarehe ya kuchoma. Usitumie kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu, inakwaruza. Usibandike stika, inaipa diski uzito upande mmoja.

Weka kwenye kasha lake, isimame wima, ndani ya kabati lenye giza na ukavu. Usiiache juu ya dashibodi ya gari wala dirishani. Na tafadhali, isikae stoo moja na viuatilifu.

Choma nakala mbili. Moja kaa nayo, nyingine ipeleke mbali na nyumba: kwa dada mjini, kwa mwenyekiti wa kikundi. Moto au mafuriko yakija, hayatapiga nyumba zote mbili kwa siku moja. Faili ndogo za majedwali ziweke na mtandaoni pia. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, na jedwali la Excel halili bando. Hapo utakuwa na kazi yako kwenye kompyuta, kwenye diski, na nje ya nyumba. Kila mwaka, ukishavuna, zifungue diski za zamani uone kama bado zinasomeka. Ukiona moja inasuasua, choma mpya siku hiyo hiyo kutoka kwenye nakala ya pili.

Yule kijana wa nyanya siku hizi ana raita ya nje iliyotumika. Tuliinunua pamoja, na tuliijaribu kwa diski iliyojaa huku muuzaji anatuangalia kama watu wenye muda wa kupoteza. Ya kwanza tuliyopewa ilikwama kwenye asilimia 80 na kitu. Ya pili ikamaliza. Nakala ya msimu wake huu iko kwake, na nyingine iko kwenye kabati langu ofisini, imeandikwa kwa mwandiko wake.

Vuna, andika, choma, hakiki. Tukutane shambani.